Maneno ya Kuuzia Picha

Wateja watatu walikuja kuchukua vitambaa vyao katika wiki moja, vikiwa havijaguswa hata na chaki, na wote watatu waliaga kwa upole uliopita kiasi. Kila mtu anajua namna mteja anavyoachana na fundi cherehani. Hupayuka. Huhesabu siku alizozungushwa, hutaja shughuli iliyompita akiwa hana cha kuvaa, na mtaa mzima hupata habari. Hawa hawakupayuka. Wa kwanza alisema safari imeingiliana. Wa pili, mwanasheria, alisema amebadili mawazo kuhusu rangi ya suti. Wa tatu alikuwa matroni wa shule ya bweni, aliyekuwa ameleta kitambaa cha aproni thelathini za wapishi wake, na yeye hakutoa hata sababu. Alimshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Upumzike sasa, Fundi. Umefanya kazi sana," kisha akamwambia dereva wake abebe robota la kitambaa.

Mzee alibaki amesimama nyuma ya cherehani, futi ikining'inia shingoni.

"Kwani nimekosea wapi?" aliuliza.

Aliyeulizwa alikuwa binti yake, aliyempitishia chai ya saa nne kutoka kazini na kuyaona yote chupa ikiwa bado mkononi. Alijua sababu. Alikuwa anaijua tangu siku nne nyuma. Hapo ndipo angesema. Badala yake alimimina chai, akasema, "Watu wa siku hizi hawaeleweki, baba."

Mzee hakuridhika. Alitoa kwenye kamba koti alilolimaliza juzi, akaligeuza ndani nje, akaanza kukagua mshono mmoja mmoja chini ya taa, akitafuta kosa. Alipolikosa alichukua wembe na kufumua bega zima, kwa sababu kosa lisiloonekana ndilo baya zaidi kwa fundi.

Kama kuna kitu kilichomfanya mzee yule atafutwe kuliko mafundi wengine wa barabara ile, ni kichwa chake. Hakuwa na daftari. Wenzake wote walikuwa nayo, yamechakaa na kujaa mafuta ya cherehani, na nusu ya ugomvi wao na wateja ulitokana na namba zilizofutika. Yeye alimpima mtu mara moja, polepole, akitaja kila namba kwa sauti: bega, kifua, kiuno, mkono, urefu. Ikawa imetosha. Mteja angeweza kupotea miaka mitatu, arudi na kitambaa kipya, mzee amtazame juu mpaka chini na kumwambia, "Kiuno kimeongezeka inchi mbili, tusidanganyane." Watu walicheka, wakaleta na ndugu zao. Wengine walihamia mbali na bado walituma vitambaa bila kuja wenyewe, kwa kuwa vipimo vyao viko kwa Fundi. Biashara nzima ilikaa humo kichwani, na hapakuwa na nakala.

Binti yake alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya maji, na kazi yake ilikuwa kuandika kila kitu, kukibandika jina na kukiweka mahali ambapo mtu mwingine atakipata. Wenzake walimwita Bi Mafaili, na jina hilo lilimkaa kiasi kwamba hata mkuu wa ofisi alilitumia mbele ya wageni. Mshahara wake ulikuwa wa wale wanaoingia asubuhi na kuaga jioni. Aliishi na baba yake katika nyumba ya vyumba viwili na jiko la uani, na paa la jiko lilikuwa limetoboka hata mvua ikinyesha walipikia chumbani.

Kamera aliinunua kwa mhasibu aliyekuwa anahama, kwa bei ya kuonewa huruma. Mwanzoni alipiga sherehe za wenzake wa ofisini, ambao walikula, wakafurahi, wakapokea picha na kulipa kwa ahadi. Kisha akasikia habari za duka la picha la mtandaoni. Unaweka picha yako pale, na mtu yeyote duniani anayehitaji picha ya kitabu, kalenda au tangazo anainunua, nawe unapata fungu lako. Picha hiyohiyo inaweza kuuzwa mara mia. Kwa mtu aliyezoea kukaa kwenye kiti mwezi mzima ndipo alipwe, jambo hilo lilimkosesha usingizi.

Akaweka maua. Akaweka machweo, vipepeo, matone ya mvua kwenye majani. Miezi minane haikuuzwa hata moja. Dunia ilikuwa imeshiba maua kitambo, yeye alikuwa wa mwisho kuambiwa. Lakini hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alikaa akasoma, akachunguza picha za wenzake zinazouzika, na akajifunza mambo mawili.

La kwanza, mnunuzi hatafuti picha nzuri. Anatafuta mahali pa kuweka maneno yake. Kwa hiyo mpige mtu akiwa pembeni, na upande wa pili acha ukuta mtupu. La pili, huko dukani picha haitafutwi kwa macho, inatafutwa kwa maneno. Chini ya kila picha unapewa nafasi ya kuandika maneno, mpaka hamsini, na mnunuzi akiandika neno ambalo wewe huna, picha yako haitamfikia hata ingekuwa nzuri namna gani. Hapo Bi Mafaili alijiona yuko kwao. Kubandika vitu majina ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mmoja.

Akachunguza pia maneno yenyewe. "Furaha" lilikuwa na watu wengi mno. Kila mtu alikuwa na watoto wanaocheka. Lakini "huzuni" lilikuwa na wauzaji wachache na wanunuzi wengi: magazeti, hospitali, mashirika ya misaada, kampuni za bima. Watu hawapendi kupigwa picha wakiwa wamenyong'onyea, na mwenye picha ya namna hiyo hakosi mteja. Aliliandika jambo hilo kwenye daftari lake na kulipigia mstari.

Picha ya baba ilipatikana asubuhi ya siku ya mapumziko. Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake, karibu na dirisha, akijaribu kutia uzi kwenye sindano. Alijaribu mara tatu, macho yakachoka, akaiweka sindano mapajani na kugeuza uso kuyapumzisha. Mwanga ulimwangukia shavuni na kwenye mikono. Nyuma yake ukuta wa chokaa ulikuwa mweupe, mtupu, wa kutosha aya nzima. Bi Mafaili alipita mlangoni, akaona, akarudi mbio kuchukua kamera. Alipiga mara tatu. Kwenye ile ya pili sindano haikuonekana kabisa. Alionekana mzee tu, mikono imelala, anatazama kusikojulikana.

"Baba, hii nitaiweka kwenye lile duka langu."

"Weka."

"Lakini lazima utie sahihi. Duka linataka karatasi."

"Karatasi ya nini?"

"Ya picha tu. Kwamba umekubali."

Mzee aliitandaza karatasi juu ya meza ya pasi, hakuisoma, akatia sahihi yake ndefu yenye mkia. "Na nani atanunua sura hii?" alisema. "Labda wanaotaka kufukuza panya."

Walicheka wote wawili. Jioni ile Bi Mafaili aliandika maneno thelathini na mawili chini ya picha, kwa lugha ya wenye duka, akayapanga kwa kadiri alivyojua yanauzika, kisha akaenda kulala.

Picha ikauzwa ndani ya wiki moja. Ikauzwa tena. Kufika mwisho wa miezi sita ilikuwa imeuzwa kuliko nyingine zake zote zikijumlishwa. Alimnunulia baba godoro la kuutunza mgongo wake, akaezeka jiko kwa mabati mapya. Mzee aliona fahari, akawa anawaambia wateja, "Mnaniona hivi? Sura yangu imeezeka jiko." Wateja walidhani ni mzaha, naye aliwaapia kwamba ni kweli.

Aliyeleta habari ya bango ni dereva wa ofisi. Alisimama mlangoni mwa masjala, kofia mkononi, akasema kwa sauti ya kuhani msiba, "Bi Mafaili, mzee anaendeleaje? Nimemwona pale zahanati, ukutani. Pole sana. Hukutuambia."

Alikwenda saa ya chakula. Bango lilikuwa na ukubwa wa mlango, limebandikwa kwenye ukuta wa mapokezi, na baba yake alikuwa humo, mkubwa kuliko alivyo, ameketi ukingoni mwa kitanda chake. Kwenye ule ukuta mweupe, mahali pale pale alipoacha nafasi, paliandikwa kwa herufi nene:

JANA ALIKUMBUKA KILA KITU. LEO HAKUMBUKI JINA LA MWANAWE.

Na chini yake, kwa herufi ndogo: Usimwache mzazi mwenye ugonjwa wa kusahau atembee peke yake. Kisha namba ya simu ya shirika fulani la kusaidia wazee.

Alisimama pale mpaka mguu ukafa ganzi. Alitafuta wa kumkasirikia, akamkosa. Ugonjwa ni wa kweli, na wazee wanapotea kweli barabarani. Shirika lilikuwa na nia njema, lilinunua picha kihalali, na karatasi ilikuwa na sahihi. Alirudi ofisini kwa njia ya mzunguko na kuliona bango la pili kwenye kituo cha mabasi, la tatu mlangoni mwa soko, la nne kando ya benki. Alijiambia kwamba pengine baba asingepita pande zile. Kutoka nyumbani mpaka kibandani kwake ni barabara moja tu. Alijiambia pia kwamba atasema kesho. Kesho ilikuja mara nne, na siku ya nne ndiyo aliyokuja matroni kuchukua kitambaa, siku mbili tu baada ya wale wengine.

Simu iliita ofisini mwanzo wa wiki iliyofuata. Alikuwa muuguzi wa zahanati.

"Wewe ndiye mtoto wa yule mzee fundi? Njoo umchukue. Yuko hapa peke yake."

"Anaumwa?"

"Hapana, alikuja kupima presha, na iko sawa. Ila hatuwezi kumwachia aondoke mwenyewe. Dada, na wewe, mgonjwa wa namna hii unamwachaje?"

Bi Mafaili hakuaga mtu. Alipofika, alimkuta baba yake kwenye benchi la mapokezi, magoti yamebanwa pamoja, kofia mapajani. Walikuwa wamemwondolea mfuko wake wa mkononi na kuuweka nyuma ya dirisha la karani ili asiupoteze. Kwenye mfuko wa shati, kifuani, walikuwa wamembandika kipande cha plasta kilichoandikwa namba ya simu ya binti yake. Na benchi lile lilitazamana na ukuta wa bango. Alikuwa amekalishwa saa nzima akijitazama.

Muuguzi aliinama karibu na sikio lake na kusema kwa nguvu, neno moja moja, namna watu wazima wanavyowasemesha watoto wachanga. "Mzee. Mtoto wako amekuja. Unamjua huyu?"

Watu wa kwenye foleni waligeuka kusikiliza. Mzee alimwangalia binti yake kwa muda.

"Namjua," alisema. "Huyu ndiye aliyepiga picha ile."

Walirudi kwa miguu. Njiani mzee aliibandua plasta mwenyewe, taratibu isije ikachana shati, akaikunja na kuitia mfukoni. Walipofika kibandani akafungua kufuli, akaketi kwenye kiti chake cha kazi. Bi Mafaili alibaki amesimama. Alitamani apigwe kelele, angalau yaishe.

"Nilitia sahihi," mzee alisema. "Sikusoma, lakini sahihi ni yangu. Hilo silikatai."

"Baba, sikujua wataitumia hivi. Hao walionunua ndio walio—"

"Lini uliliona?"

Alitaka kusema leo. "Wiki iliyopita," alisema.

Mzee alitikisa kichwa. Aliliangalia lile koti alilolifumua bega, likiwa bado limelala mezani, na binti akaona amelielewa lile swali lake la wiki iliyopita, na jibu lake pia.

"Nenda kwa wale watatu," alimwambia. "Nenda mwenyewe, na miguu yako. Waambie sijaugua."

Alikwenda. Yule wa kwanza alikuwa ameshapeleka kitambaa kwa fundi mwingine, akaomba radhi huku akifunga mlango. Mwanasheria alimsikiliza, akatoa pole, na alipoambiwa kwamba shirika limetumia picha vibaya, akasema hiyo ni kesi kabisa, na kwamba akitaka amletee karatasi. Bi Mafaili hakutaka karatasi yoyote ifunguliwe. Alishukuru akaondoka upesi.

Matroni alimpokea ofisini kwake shuleni, mbele ya rafu ya vitabu vya stoo. Alimsikiliza mpaka mwisho, habari ya mtandao, ya shirika, ya watu wasiomjua mzee hata kidogo.

"Ngoja nielewe," alisema matroni. "Mimi nikitaka sufuria, naandika sufuria, naletewa sufuria. Hao watu walitaka mgonjwa wa kusahau. Waliandika nini mpaka wakaletewa baba yako?"

Wapishi walipita dirishani na ndoo.

"Maneno niliandika mimi," alisema mwishoni. "Chini ya picha. Ndivyo zinavyouzwa."

Matroni alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira. "Yeye anajua?"

"Anajua niliuza picha. Maneno hajui."

"Basi hayo kamwambie yeye, siyo mimi. Ukishamwambia, nitarudisha kitambaa. Nitamuuliza."

Alimkuta mzee anakata uzi. Alivuta kigoda, akaketi chini yake kama alivyokuwa akiketi alipokuwa mtoto wa shule, na akamweleza kila kitu: ukuta mtupu, lile duka, namna mnunuzi anavyotafuta. Mzee aliacha kukata.

"Kwa hiyo picha ina maneno."

"Ndiyo, baba. Thelathini na mawili."

"Na umeyachagua wewe."

"Mimi."

"Nisomee."

Aliitoa simu. Yalikuwa kwa lugha ya wenye duka, na kwa lugha ile yalikuwa mepesi, hayakuwa zaidi ya majina ya mafaili. Sasa ilibidi ayageuze moja moja kuwa lugha ya nyumbani kwao, mbele ya mwenyewe, na kila alipofungua mdomo alitamani ardhi ipasuke. Mzee. Mwanamume. Kitanda. Dirisha. Mikono. Peke yake. Upweke. Huzuni. Umaskini. Kutelekezwa. Kutojiweza. Mzee aliyasikiliza ameinamisha kichwa, mkono mmoja juu ya cherehani, vidole vikigusa chuma kila neno lilipotoka. Uzee. Mwisho wa maisha. Binti alisoma upesi upesi akafika chini kabisa, akazima simu.

"Umeruka moja," alisema mzee.

"Nimesoma yote, baba."

"Umesema thelathini na mawili. Nimehesabu thelathini na moja."

Aliiwasha simu tena. Lilikuwepo, la saba kutoka juu, mahali alipoliweka kwa sababu yale kumi ya juu ndiyo yanayotazamwa kwanza.

"Kusahau," alisoma.

Barabarani mtu alikuwa anaita wateja wa viatu.

"Nilikuwa natia uzi kwenye sindano," alisema.

"Najua, baba."

"Sindano imo kwenye hayo maneno?"

"Haimo."

"Uzi?"

"Haumo."

"Fundi?"

Alijua jibu, lakini alishuka na orodha yote kwa kidole, toka juu mpaka chini, akitumaini kwamba mkono wake uliwahi kuwa na huruma kuliko alivyokumbuka. "Halimo," alisema.

"Kwa nini?"

"Mafundi ni wengi kule, baba. Lisingeuza."

Mzee alikubali kwa kichwa, namna mfanyabiashara anavyomkubalia mwenzake hesabu isiyopingika. "Basi hao watu hawakukosea," alisema. "Waliagiza, ukawapelekea."

Ndipo Bi Mafaili alipolia. Alilia kwa aibu, na aibu ilimuuma zaidi kwa sababu baba hakuwa amemkaripia hata mara moja. Kichwa kilimwangukia juu ya meza, na mzee akavuta taratibu kutoka chini ya uso wake kipande cha hariri. "Usikilowanishe," alisema, "ni cha mtu." Kisha akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo mpaka alipomaliza.

Picha aliiondoa dukani siku ileile. Zilizokwisha kununuliwa hazirudi, duka lilimjibu hivyo kwa adabu. Shirika nalo lilijibu kwa adabu: lilisikitika mno, lilimtakia mzee afya njema, na mabango yangebaki mpaka muda wake uishe. Bi Mafaili alikwenda na kisu cha jikoni kuubandua uso wa baba yake kwenye kituo cha mabasi, akafukuzwa na mlinzi. Kamera aliifunga kwenye kanga, akaiweka juu ya kabati.

Matroni alitimiza ahadi. Alikuja na dereva na robota lile lile, akamuuliza mzee kama ameambiwa, mzee akasema ameambiwa. "Wapishi wangu ni walewale," alisema matroni. "Vipimo unavyo?" Mzee akasema anavyo. Alishona aproni thelathini kwa siku tisa na hakuna hata moja iliyorudishwa. Mwanasheria naye akarudi, baada ya kusikia. Kwa mtu aliyepita barabarani, kibanda kilikuwa kama zamani: cherehani inanguruma, pasi inafuka, mzee amemsimamisha mtu na futi.

Lakini binti yake alimwona. Zamani mzee akipoteza chaki aliitukana chaki, akamtukana na aliyeibuni, akaipata sikioni mwake, akacheka. Sasa chaki ikipotea alisimama. Alisimama katikati ya kibanda, mikono imeshuka, hatafuti, hatukani, anasubiri kuona kama itamjia. Na ilipomjia hakucheka, alipumua. Mara mbili alimwita binti yake kwa jina bila kuwa na la kumwambia. "Nilitaka tu kukuita," alisema.

Kisha ikaja ile alfajiri. Alikuwa ameamka kuchemsha maji kabla ya kwenda kazini, na alipopita na birika la moto mbele ya chumba cha baba alisikia sauti ya chini, inayokwenda kwa mwendo mmoja bila kupanda wala kushuka. Alidhani anasali. Akasogea. Mzee alikuwa anataja watu. Matroni, bega kumi na sita, kifua arobaini na nne, kiuno arobaini. Mwanasheria, bega kumi na nane, mkono ishirini na tano. Muuza dawa. Mke wa muuza dawa. Mwalimu wa hesabu, yule mrefu. Mmoja baada ya mwingine, wote aliowashonea, kila mmoja na namba zake, na sauti ilikuwa ya mtu anayebeba kitu kinachoweza kumwagika. Godoro jipya liliitikia kila alipogeuka. Bi Mafaili alijibanza ukutani, birika mkononi, akafuata.

"Mjane wa posta," mzee alisema. "Bega kumi na tano. Kifua thelathini na nane. Kiuno."

Akanyamaza.

Jogoo wa jirani aliwika, akawika tena. Binti alitamani kumtajia namba ile, hata kwa kunong'ona kwenye ufa wa mlango, kisha akimbilie jikoni ajifanye hakusema kitu. Lakini hakuijua. Hakuna aliyeijua. Haikuwa imeandikwa popote duniani.

"Kiuno," mzee alisema tena, pole pole.

Birika lilikuwa linamchoma mkono na hakuliweka chini. Ndani, mzee alikohoa, akajiweka sawa kitandani, akaanza upya kutoka kwa mtu wa kwanza.